Sentensi Mbili za Karani wa Mizigo

Watu wa Voi walimjua Maundu wa Kimeu kwa mwandiko wake kabla ya kumjua kwa sura. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa mizigo pale stesheni, na kila gunia, kila tenga la kuku, kila sanduku la bati lililopanda gari la moshi kutoka Voi lilikuwa na lebo aliyoiandika yeye, herufi zote zimelala upande mmoja. Alikuwa Mkamba wa upande wa Makindu, mrefu, mpole wa maneno, umri wake miaka thelathini na sita. Kufikia mwaka huo wa 1956 alikuwa ameishi peke yake kwa miaka minne katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa reli.

Hakuna aliyemchukia. Wenzake walimsalimia vizuri na mara nyingine walimwachia gazeti wakishalisoma. Ila baada ya salamu hapakuwa na la kuongeza, na Maundu hakuwa mtu wa kulitafuta. Jioni alirudi chumbani, akawasha jiko la makaa, akasonga ugali. Ugali wa mtu mmoja ulimshinda kila siku. Akipunguza unga, njaa inamrudia kabla ya kulala, akiongeza, kinabaki kipande cha kumtazama hadi asubuhi. Kupitia ukutani alisikia watoto wa jirani wakigombania mfupa, na mama yao akiwakemea kwa Kikamba, lugha ambayo yeye mwenyewe angeweza kukaa siku tatu bila kuitamka.

Barua zilizomjia zilitoka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwahi kumwona. Maundu alikuwa anasoma Kiingereza kwa njia ya posta, kwa sababu karani asiyefaulu mtihani wa Kiingereza cha ofisini hapandi cheo. Kila baada ya wiki tatu alituma kazi yake Nairobi, na kila baada ya wiki tatu karatasi zilirudi zimejaa wino mwekundu. Chini kabisa palikuwa na herufi mbili, R.M. Kama R.M. alikuwa mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, Mzungu au Mwafrika, Maundu hakujua. Alijua tu kwamba ni mtu anayesoma kila neno.

Somo la saba lilikuwa la vitenzi, vile vya barua za ofisi, ambavyo mtu hawezi kuvisikia sokoni. Vilikuwa kumi, na mwanafunzi alitakiwa kukitumia kila kimoja katika sentensi mbili zilizo sahihi. Cha sita kilikuwa accompany. Maundu alikitafuta katika kamusi yake ndogo, akaona kwamba maana yake ni kwenda pamoja na mtu, akaandika bila shida: I accompanied with my wife to the market. Kwamba alifuatana na mke wake sokoni.

Karatasi iliporudi, neno with lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni R.M. ameandika maelezo marefu kuliko kawaida. Alisema kitenzi hiki hakihitaji with. Kinamshika mtu moja kwa moja. Kisha akauliza: ni nani hasa aliyekuwa akienda sokoni, wewe au mkeo? Kwa maana katika Kiingereza mwenye safari ni yule anayetajwa baada ya kitenzi, na yule wa kwanza yuko pale kwa ajili yake. Andika tena sentensi mbili. Ziwe za kweli, ukiweza.

Maundu aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Hakuwahi kwenda sokoni na Nthambi, mke wake. Yeye alikuwa kazini na mkewe alikwenda na majirani. Na mwaka wa 1952, Nthambi alipokuwa mja mzito wa miezi minane, akaamua kwenda kujifungulia kwa mama yake Makindu, Maundu alimpeleka tu hadi jukwaani pale pale Voi, hatua mia mbili kutoka nyumbani. Akampimia sanduku lake kwenye mizani, akaliandikia lebo, akalibandika kwa gundi. Nthambi alikuwa amemuuliza siku chache kabla, "Huwezi kuomba ruhusa, hata ya siku mbili, unifikishe?" Naye akajibu kwamba siku zake za likizo ni chache, anaziweka ili aje kumwona mtoto akishazaliwa. Hakuomba, wala hakuna aliyemkatalia. Siku ya kumi na tisa ilifika telegramu ya maneno sita, na alipofika Makindu alikuta kaburi moja la watu wawili.

Kwa hiyo alimaliza vile vitenzi vingine tisa, akasahihisha kila kosa, na katika nafasi ya cha sita akaacha mistari miwili mitupu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, karatasi bado iko kwenye droo ya meza ya kazi.

Jumatatu moja ya mwezi wa Agosti, saa moja asubuhi, gari la mizigo liliingia kutoka Mombasa. Makuli walishusha magunia ya sukari na mitungi ya mafuta, kisha wakasita. Ndani ya behewa, nyuma ya marobota ya nguo, lilikuwako jeneza la mbao mpya zisizopakwa rangi, limefungwa kwa kamba ya katani.

Maundu alichukua hati ya mzigo akaisoma. Jina la marehemu lilikuwa Noah Mwandawiro, na jeneza lilikuwa linapelekwa Mwatate. Katika nafasi ya maelezo, karani wa Mombasa alikuwa amepiga kwa taipu neno moja, unaccompanied. Maundu alilitazama kwa muda. Lilikuwa kitenzi kile kile, kimeongezewa kichwa na mkia: ambaye hakuna mtu aliye pamoja naye.

Chini ya kamba palichomekwa barua ya Kiswahili. Iliandikwa na wafanyakazi wenzake wa bandarini, Wataita kama yeye. Walisema Noah alishikwa na homa Alhamisi na Jumamosi akafariki. Walikuwa wamechanga wakamnunulia jeneza, na telegramu wamepeleka dukani Mwatate. Meli mbili zilikuwa zinapakuliwa na hakuna hata mmoja wao aliyepata ruhusa. "Tunawaomba msamaha," barua ilimalizia, "kwa kuwa tumemwacha aje peke yake."

Jukwaani hapakuwa na mtu wa kulipokea. Makuli wakalibeba hadi ghalani, wakaliweka juu ya mbao mbili mahali penye kivuli, wakatoka haraka haraka.

Stesheni masta, Mgoa mwenye miwani na tumbo lililokuwa likimsumbua, alikuja akasimama mlangoni. "Maundu, hii sanduku nani atachukua?"

"Bado hajaja mtu, masta."

"Gari ya Taveta iko lini?"

"Kesho kutwa."

Masta alitazama jua lililokuwa linapanda nje, akatoa kitambaa akajifuta shingo. "Kesho kutwa haiwezekani."

"Haiwezekani," Maundu alikubali. "Lori la Mutiso linarudi Mwatate leo mchana. Nitamwomba."

Saa zile za kungoja, Maundu hakwenda mbali. Kazi yake ilikuwa humo humo ghalani, na watu waliokuja kuchukua mizigo walichukua upesi wakaenda zao. Kila alipobaki mwenyewe, kimya kilikuwa kizito. Aliona haya kuandika na kupiga mihuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwishowe alivuta kiti, akaketi karibu na jeneza, akatoa karatasi yake ya somo la saba, na kwa kuwa hakujua maneno mengine ya kusema akaanza kusoma sentensi zake kwa sauti. Tumepokea barua yako ya tarehe tano. Tunakupelekea hati pamoja na barua hii. Alizisoma zote kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Alipofika kwenye mistari mitupu akanyamaza, akarudi mwanzo.

Mutiso alifika saa saba mchana. Alikuwa dereva wa lori la dukani Mwatate, Mkamba mwenzake, mtu wa mzaha mwingi. Aliposikia habari, mzaha ulimtoka.

"Ndugu yangu, nitampeleka. Si mtu wa kuachwa hapa. Lakini siwezi kwenda peke yangu na yeye kule nyuma. Nikifika watu wataniuliza nimemtoa wapi, nitasema nini? Lazima awe na mtu wake."

"Hana mtu."

"Basi mtafutie." Mutiso alimtazama kwa makini. "Au utamsindikiza wewe?"

Lile neno kumsindikiza lilikuwa limemgusa Maundu mahali. Alikuwa amesindikiza wageni na kusindikizwa tangu utoto, na hakuwahi kulifikiria: mtu humsindikiza mtu, basi, bila neno "na" katikati. Kufuatana ndiko kunakotaka "na". Kumbe R.M. alikuwa anamweleza jambo analolijua.

Akaenda kwa stesheni masta. Masta alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Mimi nakubali. Lakini andika. Kwa Kiingereza, nitie kwenye faili." Akamsukumia karatasi.

Maundu aliandika amesimama. I request permission to accompany the body of Noah Mwandawiro to Mwatate because it has nobody. Kwamba anaomba ruhusa ausindikize mwili hadi Mwatate kwa kuwa hauna mtu.

Masta alisoma, akainua macho juu ya miwani. Alionekana kama anayetaka kusema kitu kuhusu ile sentensi, kisha akatia sahihi. "Rudi kesho jioni," alisema. "Mizani nitashika mimi."

Maundu alikaa nyuma ya lori, si mbele na Mutiso. Barabara ya Mwatate ilikuwa ya vumbi jekundu na mashimo, na kila lori liliporuka alilazimika kulikumbatia jeneza kwa mikono miwili lisiteleze. Vichaka vikavu vilipita, kisha mashamba ya mkonge, safu kwa safu hadi chini ya milima. Wakata mkonge waliokuwa kando ya barabara waliliona jeneza, wakavua kofia. Hawakumvulia yeye, lakini alijikuta akiitikia kwa kichwa kwa niaba ya mwenye safari.

Pale dukani Mwatate telegramu ilikuwa bado iko juu ya kaunta. Ilifika Jumamosi jioni, Jumapili watu wa milimani hawakushuka, na asubuhi hiyo hakuwa amepita mtu wa kwenda upande huo. Mwenye duka alishika kichwa. Akamtuma mtu mbio, na baada ya saa moja na nusu walishuka wanaume sita, mbele yao Elijah, kaka wa marehemu, bado ana udongo wa shamba miguuni. Elijah aliweka mkono juu ya jeneza na kuuacha hapo kitambo. Halafu akamgeukia Maundu.

"Wewe ndiye uliyetoka naye Mombasa?"

"Nimetoka naye Voi," Maundu alisema.

Elijah hakusikia tofauti. "Mungu akubariki. Twende, mama anangoja."

"Karatasi yako inasema Mwatate," Mutiso alimnong'oneza. "Umeshafika."

Maundu alitazama njia iliyopanda kwenye migomba. "Yeye bado hajafika," akasema, akaweka bega lake chini ya jeneza pamoja na wale wengine.

Walifika jua likiwa linagusa mgongo wa mlima. Boma lilikuwa limejaa watu. Mama wa marehemu, Wakio, bibi mwembamba aliyejifunga leso nyeusi, alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, na wanawake wamemzunguka. Jeneza lilipowekwa ndani alilia, na vilio vya wengine vikamfuata. Vilipopungua, aliomba aletewe yule rafiki wa mwanawe.

Maundu akapiga goti mbele yake. Watu wote walisogea wasikie.

"Mwanangu," Wakio alisema, "niambie. Aliugua siku ngapi? Alisema nini mwishoni? Alinitaja?"

Lingekuwa jambo rahisi kutunga. Baadaye Maundu alikiri kwamba maneno yalikuwa yamemjia tayari ulimini: ndiyo mama, alikutaja. Lakini aliutazama uso ule akashindwa.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi sikumjua. Mimi ni karani wa mizigo wa stesheni ya Voi. Alikuja kwa gari asubuhi, hakuna mtu, na nimemsindikiza tu. Barua ya rafiki zake ni hii."

Minong'ono ikapita kati ya watu. Elijah alikunja uso kama mtu aliyedanganywa. Wakio aliishika barua bila kuifungua, maana hakujua kusoma.

"Ulikaa naye tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja asubuhi, mama."

"Hukumwacha?"

"Sikumwacha."

Wakio akageuka nyuma yake. "Mleteeni huyu kiti," alisema. "Na maji ya kunawa."

Walimpa chakula na mahali pa kulala, na hakuna aliyemuuliza tena yeye ni nani. Asubuhi walimzika Noah nyuma ya nyumba, karibu na baba yake, na katekista akasoma kwa Kidawida, lugha ya Wataita. Maundu hakuelewa maneno, akasimama na wanaume wa ukoo kwa sababu Elijah alimvuta mkono asimame hapo. Alipotupa udongo wake, kwa mara ya kwanza tangu Makindu machozi yalimtoka hadharani. Watu walidhani anamlilia Noah, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba wamekosea.

Wakati wa kuondoka, Elijah alishuka naye hadi yalipoanza mashamba ya mkonge. Walipofika, Elijah alisema tu, "Hapa kwetu mgeni haachwi ashuke peke yake," wakapeana mikono.

Jumatano asubuhi, kabla ya gari la Taveta, Maundu alifungua droo akajaza ile mistari miwili. Kwenye wa kwanza aliandika, I accompanied body of Noah Mwandawiro to his mother. Wa pili ulimchukua muda mrefu zaidi, na alipoumaliza aliitia karatasi kwenye bahasha upesi asije akaghairi: I did not accompany my wife to Makindu. Kwamba hakumsindikiza mke wake.

Wiki tatu baadaye karatasi ilirudi. Katika sentensi ya kwanza R.M. alikuwa ameongeza neno the mbele ya body. Ya pili haikuwa na alama ya kosa. Wino mwekundu ulikuwa umeanza kuandika kitu pembeni, herufi mbili tatu, ukazikata. Chini yake paliandikwa kwamba sentensi ni sahihi, na kwamba mwalimu anamshukuru kwa kuiandika. Maundu aliitafuta kwa siku kadhaa maana ya zile herufi zilizokatwa, akiielekeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Hakuipata.

Alifanya mtihani mwezi wa Novemba katika chumba chenye makarani arobaini. Hakukuwa na accompany hata mara moja.

Mwezi wa Desemba, siku ya soko, Wakio alishuka Voi na gari la Taveta. Elijah alikuwa amebaki nyumbani na kazi ya shamba. Mama huyo alikuwa na mkungu wa ndizi na viazi vikuu ndani ya kikapu, akaviweka juu ya mizani kabla Maundu hajasema neno.

"Si vya kupima," alisema. "Ni vyako. Nimekuja kuona mahali alipokaa."

Maundu alimwonyesha pale kivulini. Siku hiyo palikuwa na magunia ya mahindi. Wakio aliyatazama, akaomba kiti, akaketi.

"Hizo saa zote ulikuwa unafanya nini?"

Maundu aliona aibu. "Nilikuwa nasoma Kiingereza changu, mama. Kwa sauti."

Wakio alimtazama, na taratibu mdomo wake ukalegea, akacheka kicheko kidogo kilichomshangaza mwenyewe. "Noah hakujua Kiingereza hata kidogo," alisema. "Alikuwa akikisikia anakimbia." Kisha akajifuta macho kwa pembe ya leso. "Na wewe, mwanangu, una nani hapa?"

"Sina mtu, mama."

Wakio hakumwambia pole, wala hakumwambia Mungu atasaidia. Alikaa naye hadi saa tisa, akimenya ndizi mbivu na kumpa, akimweleza habari za mvua, za ng'ombe aliyezaa, za mbuzi wa jirani anayekula maharagwe ya watu. Maundu aliwahudumia wateja huku akisikiliza. Mmoja wao aliuliza kama huyo ni mama yake, na kabla Maundu hajajibu, Wakio alisema kwamba yeye ni mtu wa Mwatate tu, amepita.

Matokeo yalitoka Februari. Alikuwa amefaulu, kwa alama chache tu juu ya walioshindwa, na pamoja na cheo akapewa uhamisho kwenda stesheni ndogo ya njia ya Taveta, njia ile iliyomleta Wakio, yenye tangi la maji, nyumba tatu za bati, na gari linalopita siku chache kwa wiki. Aliipokea barua ya uhamisho, akaandika jibu la kukubali, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, akaenda kutafuta sanduku la kupakia vitabu vyake.